Chubwi za Marehemu Baba

Chake Chake, Pemba
Jumapili, 14 Februari 1960

Kwa kaka yangu mpenzi Mmanga bin Mjaka,
Chokocho.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, nakuamkia kwa adabu zote, wewe na shemeji yangu, na namuamkia mama, Bi Kazija, nikimbusu mikono yake yote miwili. Natumai barua hii itakukuteni nyote wazima. Goti la mama linaendeleaje? Yale mafuta niliyomletea kwa mkono wa Ame, dereva wa gari ya Kengeja, yamemfaa, au ameyafungia sandukuni kama anavyofungia kila kitu kizuri? Sisi huku, mimi na mke wangu Moza, ni wazima wa viungo, alhamdulillahi. Uzima wangu mimi lakini ni wa mwili tu, na sababu yake utaiona ukishuka na barua hii mpaka chini. Nakujua, kaka: ukipandwa na hamaki huikunja karatasi ungali katikati. Hii nakuomba usiikunje.

Barua yako ya Jumatano imenifika. Umeniambia kuwa wazee watakutana Ijumaa hii inayokuja, baada ya sala, kwenye baraza ya nyumba ya baba, na kuwa Hamad amekubali kumpa dada yetu Mwanapili talaka yake bila ya ubishi. Umenitaka nije na karatasi nzuri ya afisi, niiandike talaka hiyo kwa mwandiko wangu wa kikarani, na chini yake niongeze maneno kuwa Hamad ndiye aliyechukua chubwi za marehemu baba, zile za kuzamishia wavu wake, ili asije akageuka baadaye. Umesema pia kuwa Mwanapili hali, hasemi na mtu, na kuwa unamhurumia lakini huwezi kumuacha dada yako kwa mwizi. Nimeisoma barua yako mara tatu, kaka. Karatasi hiyo sitaiandika. Na nikikwambia kwa nini, itakubidi ukae kitako.

Niruhusu nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianza karibu nitakimbia.

Unamkumbuka yule Mgoa, Bwana Rozario, aliyekuwa karani mkubwa hapa afisini kwa Mudiri nilipoajiriwa? Uliwahi kumuona mara moja, ukasema ana masharubu ya paka. Mtu yule alikuwa amefiwa na mkewe, na nyumbani kwake hakuna kiti kisichokuwa na kitabu juu yake. Siku moja baada ya kazi alinialika chai. Nikakuta juu ya meza yake ya kulia vilima vya mchanga, vijumba vya kadibodi, na askari wadogo wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole cha shahada, wamepangwa safu kwa safu, na mizinga yao na farasi wao. Nilicheka, nikamuuliza kama ana wajukuu. Akasema hana, ni wake yeye mwenyewe, na akaniuliza kama nataka kuongoza upande wa kushoto.

Nakuapia, kaka, nilikaa kwa ajili ya adabu tu. Nilipoinuka magharibi ilikuwa imekwisha adhiniwa na mimi sikuisikia.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mtu ana jeshi lake. Askari wa miguu huenda masafa kadha kwa zamu, hupimwa kwa kamba yenye mafundo, na farasi huenda mara mbili yake. Kilima humchelewesha mtu, mto humsimamisha. Wakikaribiana hurushwa dado kujua nani aliyeanguka, na aliyeanguka huondolewa mezani. Hakuna anayeweka hata senti moja, na Bwana Rozario hakuwa mtu wa kamari. Ni hayo tu. Najua unavyotikisa kichwa hivi sasa. Mtu mzima, mwenye mke, aliyesomeshwa skuli Unguja kwa jasho la baba yake, amepiga magoti sakafuni anapima mwendo wa askari wa risasi! Hata Moza, ambaye alijua, alikuwa akiniambia kuwa anamshukuru Mungu, mumewe ana watoto mia na ushei na hakuna hata mmoja anayelilia uji.

Nilikuwa nikiona haya, na bado naona haya. Mtu akibisha hodi nilikuwa navitupia shuka. Lakini usiniulize kwa nini sikuacha, maana jibu lake ndilo linaloniaibisha zaidi: nilikuwa na raha. Mimi kutwa nzima afisini kazi yangu ni kusema ndiyo bwana. Mudiri akisema lete faili naleta, akisema rejesha narejesha, na hata faili likikosewa na mwengine ninayeomba radhi ni mimi. Pale mezani nilikuwa nawaza mwenyewe, nakosea mwenyewe, na kosa langu halimuui mtu. Wiki ya pili wote husimama tena, wazima, wanangoja. Halafu kuna kule kutazama kutoka juu. Sijui nikueleze vipi. Maisha yetu haya tunayaona kutoka ndani tu, mbele yako mgongo wa mtu, nyuma yako sauti ya mtu. Pale unaona bonde lote, unamuona adui anavyozunguka kilima, na kwa muda wa saa mbili unaelewa kila kitu kinachotokea duniani. Na mikono nayo ina raha yake. Kumpaka rangi askari mmoja, koti lake, mkanda wake, kibweta chake cha baruti, ni kazi ya kukutuliza hata ukiwa umetukanwa tangu asubuhi.

Bwana Rozario alistaafu mwaka wa hamsini na saba, akarudi kwao Goa na masanduku yake yote. Mimi aliniachia daftari la kanuni, kwa mkono wake mwenyewe, na dado mbili. Askari aliondoka nao. Nikabaki na kanuni za jeshi lisilokuwepo.

Nilijaribu punje za mahindi, nilijaribu vijiti vya karafuu. Havikunipa ladha yoyote. Ndipo nilipogundua kuwa lile gamba jeupe la dome, nduguye ngisi, linaloletwa na maji ufukweni, ni laini kama sabuni, unaweza kuchonga ndani yake umbo la mtu kwa msumari, ukafunga vipande viwili pamoja, na ukamimina risasi iliyoyeyushwa bila ya gamba kupasuka. Nilifurahi kama mtu aliyeokota lulu. Nilikuwa na kalibu, nilikuwa na jiko la makaa la Moza, na mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Kilichokosekana ni risasi yenyewe.

Kaka, hapa ndipo ulipokaribia kuikunja karatasi. Tafadhali subiri.

Unajua kuliko mimi jinsi baba alivyozipata chubwi zile. Hapana mvuvi mwengine pale kijijini aliyekuwa na jarife, wavu mkubwa kama ule, lenye chubwi za risasi tupu, wenzake walifunga mawe, na yeye alizitafuta moja moja, Tanga na Mombasa, miaka na miaka. Alipoanza kuumwa alizivua zote kutoka kwenye jarife, akazisugua, akazitia katika debe, akatuambia sote watatu kuwa atakayerejea baharini ndiye atakayezifunga tena. Mirathi hatukugawana. Tulikubaliana debe likae darini kwa mama mpaka wewe utakapokuwa tayari. Nilikuwepo, na nilikuwa wa kwanza kusema inshallah.

Ni mimi, kaka. Nilizichukua mimi.

Nilianza Idi ya kwanza baada ya Rozario kuondoka, nikachukua kiasi cha vibaba viwili, nikajiambia kuwa ni sehemu ya fungu langu. Idi ya pili nikachukua zaidi. Mara ya tatu sikujiambia chochote. Kila nilipochukua nilitia kokoto mahali pake, ili mtu akilinyanyua debe asihisi wepesi. Siku ile ya Rajab ulipolishusha debe ili ulirejeshe jarife la baba baharini, ukalimimina mkekani na zikatoka kokoto, na mama akajishika kichwa akalia kama siku ya msiba, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mwanapili, nimeshika kikombe cha kahawa. Kokoto zile niliziokota pale pale uani, nyuma ya kisima.

Ulisema mwizi ni mtu wa ndani. Ulisema mwenye kulala nyumba ile pamoja na mama na Mwanapili ni mmoja tu, naye kila Alhamisi hupanda gari kuja Chake na matenga yake ya samaki, na harejei kwake mpaka Ijumaa, na akiulizwa Alhamisi jioni huwa wapi hasemi. Ulifikiri anauza risasi kwa mafundi wa Kihindi, au ana mwanamke mjini. Wote walifikiri hivyo. Mwanapili mwenyewe, masikini, nilimuona anamtazama mumewe kama anayemuuliza.

Alhamisi jioni Hamad alikuwa kwangu.

Alikuwa mwenzangu wa mchezo, kaka, tangu mwaka wa hamsini na nane. Siku moja alikuja kuniletea samaki nikiwa sijawahi kuwafunika askari, akasimama anatazama, hakucheka hata kidogo. Akaniuliza huyu wa kijani kwa nini amesimama bondeni na kilima kiko wazi. Mtu asiyejua kusoma, na kwa miezi sita alinipiga kila wiki! Ana subira ya ajabu. Mimi huvamia, yeye hungoja nijikwae. Yeye ndiye aliyeleta vifuu vikawa vijumba, na mlango mbovu wa banda lake ukawa uwanja wetu. Na yeye ndiye aliyekataa askari kuchongwa nyuso. Alisema sisi ni Waislamu, tusije tukaweka masanamu ndani ya nyumba, basi tuwaache na vichwa vitupu, visivyokuwa na macho wala pua. Ndivyo walivyo wote mia na hamsini na tatu.

Nikuambie ukweli, katika siku hizi za vyama, ambapo watu hawatoleani salamu na wengine hawazikani, mimi na yeye tulikuwa tunapigana saa mbili nzima kisha tunakula sinia moja, na aliyeshindwa ndiye anayemega mkate. Sina rafiki mwengine kama yule. Hilo ndilo lililonifanya niupende mchezo kuliko vilima vyote na mizinga yote.

Nilimuomba asimwambie mtu. Nilimwambia watu wakijua kuwa karani wa Mudiri anacheza na vidude vya watoto, na dado juu yake, sitaweza tena kukaa barazani. Alicheka, akanipa mkono, na hakusema tena juu ya jambo hilo.

Na risasi je? Utaniuliza kama alijua. Mara zote tatu alizibeba yeye, chini ya tenga, bila ya kujua. Nilimwambia ni mawe ya kunolea. Mara ya tatu fundo lilifunguka garini akaziona, akazitambua, maana baba aliziwekea alama ya mkato. Akaniuliza usoni. Nikamuangalia, nikamwambia kuwa wewe, Mmanga, umenipa kama fungu langu la mirathi, na mama ameridhia. Akasema sawa, Mungu akubarikini. Aliniamini mpaka ile siku kokoto zilipomwagika mkekani.

Alinitazama siku ile, kaka. Mara moja tu, kisha akainamisha macho.

Sasa nimefika mahali ambapo tangu asubuhi nimekuwa nikinyanyua kalamu na kuiweka. Ulipotaka Hamad aape mbele ya wazee, Shehe Ngwali alisema neno jepesi kabisa: aape kuwa hakuiba, yatosha, twende tukasali. Hamad alisema yuko tayari, akaomba ruhusa akatie udhu. Kiapo hicho angekiapa na moyo wake mweupe, kwa sababu hakuiba. Na akishakiapa, macho ya watu yangeanza kutafuta mwengine.

Alipokuwa kisimani ndipo mimi nilipotia mdomo. Unakumbuka? Nilisema kwa ile sauti yangu ya afisini kuwa neno kuiba lina milango mingi, kuwa kortini tumeona watu wakiapa hawakuiba na mali ikakutwa kwao, na kuwa kiapo kizuri ni kile kinachofunga kila mlango. Ukaniletea karatasi, nikaandika: naapa kwa Mwenyezi Mungu, chubwi za marehemu Mjaka mkono wangu haukuzigusa wala haukuzibeba. Wazee wakanisifu, wakasema elimu ni nuru. Wewe ulinipiga bega.

Unaweza kudhani niliandika vile kwa mazoea ya kazi. Mimi mwenyewe nimejidanganya hivyo kwa wiki nzima. Hapana, kaka. Nilijua. Nilijua ni mkono wa nani uliozibeba, na nilijua kuwa Hamad hashiki Msahafu kwa neno lisilokuwa la kweli hata akatwe shingo. Nilipokuwa naandika nilikuwa nafikiri kama ninavyofikiri mezani: mto uko huku, kilima kiko huku, hana pa kutokea. Na alipotoka kisimani, maji yanamchuruzika ndevuni, nikamsomea mimi mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, mimi kiapo hicho siapi. Basi. Nyote mkaona ameungama.

Nilifikiri hatakanyaga tena kwangu. Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, alibisha hodi. Alikuwa na changu wawili wametungwa kwenye ukindu, akampa Moza. Akaingia chumbani, akakaa upande wake, akaniambia kuwa ni zamu yangu. Sikuweza kugusa hata askari mmoja. Nililia mbele yake, na hilo sikusimulii kwa kutaka huruma. Nikamwambia nitakwenda kwa Mmanga, nitasema. Akaniambia niache. Alisema ameshafikiri. Alisema akifungua mdomo, mama yetu atajua kuwa mwanawe wa kumzaa amemuibia marehemu, na umri wake ule hataweza kulibeba. Mkwe, alisema, mama atampata mwengine. Mtoto hatampata mwengine. Kisha akasema atamuacha Mwanapili kabla ya Ramadhani, ili naye asikae katikati bila ya mume wala talaka.

Na mimi, kaka, nilinyamaza! Nilimuacha aseme hayo kisha nikamsindikiza mpaka mlangoni. Wiki ile nikapata usingizi kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilijua hatasema. Mpaka ilipokuja barua yako ya kunitaka niandike talaka ile kwa mkono huu huu. Hapo tu ndipo nilipojiona. Lau ungemtafuta karani mwengine, sijui kama ningekuandikia haya.

Nisikudanganye kuwa nimeuchukia mchezo. Sijauchukia, na si mchezo ulioniambia niibe wala niandike kiapo kile. Kuna watu wa Ulaya, Rozario aliniambia, wanaucheza maisha yao yote na wanakufa watu wema. Ni mimi niliyekuwa naogopa kuchekwa. Kwa kuogopa kicheko cha barazani nikamuacha mtu aitwe mwizi na dada yangu aachwe.

Nimefanya mambo mawili, na nakuarifu ili usije ukahangaika kunisitiri. La kwanza, askari wote nimewatia katika kikapu, na Alhamisi nitapanda gari ya Ame nao. Tutawayeyusha mbele yako, wewe mwenyewe uzimimine chubwi. Zitapungua kidogo, risasi huacha taka ikiyeyuka, na pungufu hilo nitalinunua. La pili, barua hii nimeiandika nakala mbili kwa mwandiko mmoja. Nyengine anayo Shehe Ngwali. Nimeituma mbele ya hii makusudi, kwa sababu najijua: Alhamisi nikikuona uso nitakuomba uichome, na wewe kwa mapenzi yako ya damu na kwa kumuonea huruma mama ungeichoma. Isomwe Ijumaa barazani, yote, pamoja na kupiga magoti sakafuni na dado, na asikosekane hata mmoja wa wale walionisifu. Nitakuwa nimekaa hapo hapo.

Mama umwambie wewe, kabla ya Ijumaa, umkalie karibu. Sitaki alisikie mbele za watu. Akisema hataki kuniona, nitakaa nje.

Nisalimie shemeji yangu na jamaa wote wa Chokocho. Moza anakuamkieni, na anamuamkia Mwanapili peke yake kwa jina. Mimi kwa Mwanapili sina salamu ya kumpa. Mwambie tu amtume mtu kwa mjomba wa Hamad, anakolala mumewe tangu siku ile ya kiapo, akamwite nyumbani, leo hii hii, asingoje Ijumaa.

Wassalaam.

Mimi nduguyo wa baba na mama,
Bakar bin Mjaka,
ambaye mkono wake ulizigusa.